CD ya Babu, Tundu la Sindano na Kompyuta Iliyogoma

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi na naomba radhi. Sikuwa safarini, wala sikuwa naumwa. Nilikuwa nahangaika na CD moja iliyonasa ndani ya kompyuta, hapa hapa Babati mjini.

Najua kuna atakayecheka. CD? Zama hizi za simu za kupangusa? Subiri kwanza nikupe kisa chenyewe. Na kwa kuwa kazi ya mwandishi wa habari ni kuuliza maswali hata pale asipotumwa, CD hiyo ilinipeleka mbali: Uholanzi, Norway, mpaka Wizara ya Fedha ya Tanzania ya mwaka 1965.

Kisa kinaanzia Katesh. Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliposhuka juu ya mji ule na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya habari za maji katika mkoa wetu wa Manyara. Na hapa Babati, ukimuuliza mtu mzima yeyote habari za mafuriko, hakawii kukutajia mwaka 1990, Ziwa Babati lilipofurika maji yakaingia mjini. Mimi mwaka huo sikuwa nimezaliwa. Lakini babu yangu mzaa baba alikuwepo, na shamba lake lilikuwa upande wa ziwa.

Babu alifariki mwaka 2009. Alikuwa Mgorowa wa kizamani, mtu wa maneno machache, lakini akianza kusimulia hukumbuki kulala. Mwaka 2006 baba mdogo alimkalisha chini ya mti na redio kaseti akamrekodi. Baadaye akaipeleka kanda studio Arusha, wakamtolea CD moja. Moja tu, kwa sababu hela ilikuwa ya kuunga. Kanda yenyewe ilishaharibika siku nyingi. Baba mdogo naye ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo sauti ya babu yangu, duniani kote, ilikuwa ndani ya kipande kimoja cha plastiki ambacho shangazi alikiweka sandukuni, katikati ya vitenge, kimefungwa kwa gazeti.

"Shikamoo shangazi, naomba ile CD ya babu," nikamwambia.

"Marahaba. Ukiipoteza usirudi hapa," akajibu. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Laptopu yangu haina sehemu ya CD. Zilizo nyingi siku hizi hazina. Nikazunguka mjini nikapata steshenari moja yenye kompyuta ya mezani ya zamani, ile yenye tumbo kubwa na trei ya CD mbele. Kijana wa pale akaniwashia. Nikaweka CD, trei ikaingia, mashine ikaanza kuvuma kama feni yenye mchanga. Ikavuma, ikakohoa, ikanyamaza. Nikabonyeza kitufe cha kutoa. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Kijana akasema hilo ni jambo dogo, akachukua kisu cha kukatia karatasi ili achokonoe ufa wa trei.

Jamani, nilipiga kelele mpaka mama muuza maandazi wa nje akachungulia.

Sasa nikiwa nimeketi pale, nimeshika kichwa, nikajiuliza: hivi ndani ya kile kisanduku kuna nini hasa? Na nani aliamua kwamba kumbukumbu zetu zikae humo?

Tuanze na sahani yenyewe. CD ni mtoto wa kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Tarehe 8 Machi 1979 Philips waliwaonyesha waandishi wa habari mjini Eindhoven kitu kipya: muziki uliochorwa kwa tarakimu na kusomwa kwa mwanga wa leza, bila sindano kugusa sahani. Wakaungana na Sony, wakakubaliana vipimo. Upana sentimita 12, unene milimita 1.2, tundu la katikati milimita 15. Inaelezwa kuwa tundu hilo lilipimwa kwa sarafu ndogo ya Kiholanzi ya senti 10 iliyowekwa mezani, mjadala ukaisha hapo hapo. Tarehe 17 Agosti 1982 kiwanda cha Langenhagen, karibu na Hannover, kikaanza kutoa CD za ABBA, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo Sony wakaanza kuuza mashine ya kwanza huko Japani. Mwaka 1983 yakatoka makubaliano mengine, kwamba sahani hiyo hiyo ibebe pia habari za kompyuta. Hiyo ndiyo CD-ROM. Megabaiti 650 kwa wakati ule ilikuwa kama kununua ghala zima wakati wenzako wana debe.

Lugha yetu ilimpokea mgeni huyu bila taabu. Wazee walishakuwa na santuri, zile sahani nyeusi za gramafoni, kwa hiyo sahani inayoimba haikuwa ajabu. Tofauti ni kwamba santuri ulikuwa unaiona inavyofanya kazi. Unaona sindano, unaona mfereji, ikikwama unainua mkono. CD inamezwa. Mlango ukifungwa, wewe unabaki nje na imani yako.

Na humo ndani mambo ni mengi. Trei ikiingia, sahani inabanwa katikati na kibanio cha sumaku kutoka juu, mota inaizungusha, na jicho la leza linatambaa chini yake kutoka katikati kwenda pembeni. Mistari ya kumbukumbu imepishana kwa mikroni 1.6, yaani unywele mmoja wa binadamu unaweza kufunika mistari zaidi ya 30. Kwa muziki wa kawaida sahani inazunguka kati ya mara 200 na 500 kwa dakika. Lakini zile CD-ROM za kasi tulizouziwa miaka ya 2000, zilizoandikwa 52x kwa mbele, zinafika kama mizunguko 10,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo sahani yenye ufa inaweza kupasuka vipande vipande humo humo ndani. Imeshatokea kwingi. Ndiyo maana nilipoona kile kisu nilipiga kelele.

Kwa nini CD inanasa? Sababu si uchawi. Mara nyingi si mashine, ni programu: kompyuta ikiwa bado inasoma kitu kwenye CD, inaufunga mlango kwa amri na kitufe kinakuwa pambo. Hapo dawa ni kufunga programu zote, au kwenda kwenye alama ya CD pale kwenye kompyuta, kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua amri ya kutoa. Sababu nyingine ni ya kimwili. Mkanda wa mpira unaosukuma trei umelegea kwa uzee. Vumbi limeingia kwenye giya, na sisi wa Babati vumbi tunalijua. Mtu ameweka CD mbili kwa pamoja. Au ile karatasi ya jina iliyobandikwa juu ya CD imebanduka kwa joto na kushika kwenye kibanio.

Mimi nilishajaribu ile njia ya programu. Haikusaidia. Kijana wa steshenari naye alishachoka na mimi. Akampigia fundi mmoja, kaka wa makamo anayetengeneza redio, simu na chochote chenye waya, kibanda chake hakiko mbali na stendi.

Kaka yule alikuja bila begi la vifaa. Akatazama, akauliza swali moja: "Humo kuna nini, dada?"

"Kuna babu yangu," nikamjibu. Hakucheka.

Akazima kompyuta, akachomoa waya kabisa, akasema tusubiri sahani itulie, kwa sababu mota ikizimwa sahani haisimami papo hapo. Halafu akaomba kibanio cha karatasi. Steshenari hazikosi vibanio. Akakinyoosha kikawa waya, akanionyesha kitundu kidogo mbele ya trei, chini ya kitufe, ambacho mimi nimekiona maisha yangu yote nikadhani ni cha taa au cha kupitisha hewa.

"Hili ndilo tundu la dharura," akasema. "Aliyetengeneza alijua ipo siku itagoma."

Naomba tukae kidogo kwenye sentensi hiyo, maana ndiyo iliyonifanya niandike yote haya.

Tundu lile halihitaji umeme. Nyuma yake kuna kikono cha plastiki kilichounganishwa na giya za trei. Ukisukuma waya ulionyooka moja kwa moja, kwa upole, kikono kinaishusha mota, sumaku inaachia sahani, na trei inajisogeza nje kama upana wa kidole. Baada ya hapo unaivuta kwa mkono, taratibu. Kwisha. Haihitaji bisibisi, nguvu, wala shahada.

Na tundu hilo si la CD peke yake. Mwezi Januari 1984 Apple walipoleta Macintosh ya kwanza, waliondoa kabisa kitufe cha kutolea diski ndogo, zile flopi. Mashine ilikuwa inazitema yenyewe kwa mota, pale mtumiaji alipoiamuru kwenye kioo. Ni uamuzi wa kujiamini sana. Lakini pembeni ya mlango wa flopi waliacha kitundu cha kuchomeka waya wa kibanio cha karatasi. Hata wale waliojiamini kiasi kile waliacha njia ya nyuma.

Chombo chenyewe cha ukombozi, kibanio cha karatasi, kina umri wa zaidi ya karne. Umbo hili tunalolijua lilikuwa likiuzwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1899 Mmarekani William Middlebrook alipata hataza ya mashine ya kuvitengeneza. Norway wana mtu wao, Johan Vaaler, wanayempa sifa ya kukibuni, ingawa chake kilikuwa na umbo tofauti. Lakini Wanorwe wana jambo kubwa zaidi la kujivunia. Wakati nchi yao imekaliwa na majeshi ya Hitler, watu walivaa vibanio vya karatasi kwenye makoti kama ishara kwamba wameshikamana. Kwa hiyo ukikiona kile kiwaya mezani ofisini kwako, kiheshimu kidogo.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo historia yetu inapoingia.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyotoka kwa kampuni ya Kiingereza. Matumaini yalikuwa makubwa: hesabu za serikali, mishahara, yote yafanywe na mashine. Lakini mambo hayakwenda. Hesabu zikavurugika, wataalamu walikuwa wa kutoka nje na wa kulipwa kwa fedha za kigeni, na mashine ilipogoma hakukuwa na Mtanzania wa kutosha kuifungua tumbo. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Televisheni nazo zikaingia katika katazo hilo. Ndiyo maana Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na sisi wa Bara tukaja kupata kituo chetu mwaka 1994. Katazo la kompyuta lilianza kulegezwa katika miaka ya 1980.

Wengine wakisikia habari hiyo wanacheka, wanasema tulikuwa washamba. Mimi sicheki. Nchi ilikuwa changa, fedha za kigeni zilikuwa chache, na mtu mzima aliyeungua hata ubaridi huupima kwa kidole. Lakini nadhani dawa haikulenga ugonjwa. Tatizo halikuwa kwamba mashine iliingia. Tatizo lilikuwa kwamba iliingia bila sisi kuonyeshwa tundu lake la dharura liko wapi. Tulipewa kitufe tu. Kitufe kilipogoma tukafunga mlango mzima wa nyumba.

Na walioufungua tena, kwa maoni yangu, si semina. Ni watu kama yule kaka wa karibu na stendi. Miaka ya 2000, kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijatua Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilikuwa ya satelaiti, ya bei kali na ya kusubiri. Programu, dawa za virusi, muziki, filamu, vyote vilikuwa vinasafiri kwa CD kwenye mabasi. Hata ile programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, iligawiwa kwa CD. CD zikiwa nyingi, na zinazonasa zinakuwa nyingi. Vijana wakajifunza kwa kuharibu mbili na kuponya ya tatu. Hakuna kitabu cha historia kitakachowataja, lakini bila wao kompyuta za nchi hii zingebaki fanicha.

Haya, mnataka kujua ya babu.

Waya uliingia kama sentimita tatu. Kaka akasukuma, ikasikika "tak", trei ikatoka kidogo. Akaniambia niivute mwenyewe. Mikono ilikuwa inatetemeka. CD ilikuwepo, nzima, lakini karatasi ya jina aliyobandika baba mdogo mwaka 2006 ilikuwa imebanduka nusu na kushika juu kwenye kibanio. Nilitaka kuibandua yote, kaka akanizuia. Akanieleza jambo ambalo sikulijua: upande wa hatari wa CD si ule unaong'aa, ni ule wa juu. Chini kuna zaidi ya milimita nzima ya plastiki ya kuikinga. Juu, kumbukumbu zimefunikwa na rangi nyembamba tu, ukibandua karatasi kwa nguvu unabandua na maneno. Akaikata ile sehemu iliyoning'inia kwa mkasi mdogo, akahakikisha iliyobaki imelala sawa, akaipangusa chini kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni, si kwa kuzungusha.

Tukaipeleka kibandani kwake, kwenye mashine nyingine inayosoma polepole. Ilichukua saa mbili. Kati ya dakika 58 zilizokuwemo, zilitoka 43. Zilizobaki, za mwisho, ambazo ziko pembeni mwa sahani, zimekufa. CD za kuchoma hazikuandikwa kwa kupigwa mhuri kiwandani, zimeandikwa kwa leza kwenye rangi, na rangi huchuja kwa miaka, joto na mwanga. Sanduku la shangazi liliizuia isiuawe na jua, lakini halikuizuia isizeeke.

Katika zile dakika 43 babu anaeleza usiku alioamshwa na mbuzi waliokuwa wamesimama ndani ya maji. Anaeleza alivyomwambia bibi achukue watoto kwanza, mahindi baadaye, na bibi akachukua vyote. Anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba babu alikuwa anacheka kwa pua. Halafu anaanza kusema ni wapi maji yalipita, akitaja mahali kwa mahali kama anayetembea, na akiwa katikati ya sentensi, sauti inakatika.

Hapo ndipo zilipokuwa zinaanza dakika 15 nilizozihitaji kwa kazi yangu. Njia ya maji. Nimezikosa kwa miaka michache tu. Ningeziomba mwaka 2015 pengine ningezipata. Nilikuwa na muda, sikuwa na haraka, nikadhani CD haiendi popote.

Kaka hakutaka kunitoza zaidi ya elfu tano. Nikamwomba aniwekee sauti kwenye fleshi mbili, nikaweka nyingine kwenye laptopu, na nyingine nimemtumia binamu yangu Mwanza. Shangazi nimempelekea CD yake pamoja na fleshi. Alisikiliza dakika zote 43 bila kusema kitu. Mwisho akauliza, "Na ile aliyosema kuhusu njia ya maji?" Anaikumbuka! Alikuwepo siku ile ya kurekodi. Sasa tunakaa naye jioni, yeye anaeleza anachokumbuka, mimi narekodi. Hili ndilo tundu la dharura nililobakiwa nalo, na lenyewe lina umri wa miaka 71.

Nasema hivi kwa sababu najua nyumbani kwenu kuna kabati lenye CD. Harusi ya mama, mahafali, mazishi ya mtu, kwaya, mahubiri, sauti ya mtoto. Mashine za kuzisoma zinakwisha na rangi yake inachuja. Tafuta kompyuta ya zamani wiki hii, si mwakani. Ikinasa, usiilazimishe: zima, chomoa waya, subiri, nyoosha kibanio, sukuma pole pole. Ikitoka, toa nakala tatu, zikae sehemu tatu.

Na kwa vyombo vyetu vipya, hizi simu zilizozibwa kila upande, na picha tunazozihifadhi kwenye mitambo ya watu tusiowajua, swali langu ni moja. Zikigoma, tundu lake liko wapi? Chombo kinakuwa chako pale unapojua namna ya kutoa kilicho chako humo ndani. Kabla ya hapo, wewe ni mpangaji.

Mimi naelekea kwa shangazi, amesema leo ataanzia pale mbuzi walipovuka. Alamsiki.